Tulinde Sehemu Gani ya Bahari?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu)



Katibu wa Umoja wetu aliponiomba niseme nanyi mwaka huu, nilimjibu kwamba nitazungumza habari za bahari. Akaniuliza kama nimesahau shule iko wapi. Sijasahau. Kutoka hapa hadi maji ya chumvi ni mwendo wa kutwa kwa basi, na nadhani nusu ya wanafunzi walio mbele yangu hawajapata kuiona bahari kwa macho yao. Lakini kazi yangu Serikalini ni ya mambo ya bahari, na kila nikutanapo na wenzangu wa shule hii huulizwa swali lile lile: mtu wa Meru ana nini na bahari? Nitalijibu swali hilo kwanza. Kisha nitawaeleza kazi yenyewe, maana wengi hawajui kama ipo: kazi ya kuchagua sehemu za bahari zinazostahili kulindwa, na kuzichagua kwa ushahidi.

Mto Themi mnaujua wote. Unashuka kutoka mlimani, unapita katikati ya Jiji la Arusha ukipokea kila tunachokitupa, unateremka tambarare na kuingia Kikuletwa. Huko maji yake yanakutana na ya mito mingine ya Meru na ya Kilimanjaro, na yote yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Ninyi mnaokwenda kuogelea Chemka siku za likizo mnaogelea katika maji ya njia hiyo hiyo. Kutoka bwawani mto unaitwa Pangani. Unapita Buiko na Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme pale Hale na kwenye maporomoko ya Pangani, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani, ng'ambo ya Bweni. Bonde zima lina zaidi ya kilomita za mraba 43,000. Wanaogawana maji yake ni mkulima wa nyanya wa Arumeru, mwenye shamba la maua wa Usa River, mkulima wa mpunga wa Moshi, shirika la umeme, na mwisho kabisa mwenye mnazi wa Pangani, anayepata kilichobaki. Maji yanapopungua huku juu, chumvi hupanda mtoni kule chini. Wakulima wa Pangani wameiona ikiingia katika mashamba yaliyozoea maji matamu.

Meno yetu haya ya rangi ya chai, ambayo kule chuo kikuu yalitutambulisha kabla hatujafungua mdomo kusema tumetoka wapi, ni alama ya maji ya Meru. Bahari haina meno, lakini nayo ina alama zake. Mkondo wa bahari wa pwani yetu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, na hukaza mwendo wakati wa kusi. Kwa hiyo tope litokalo kwenye mlango wa Pangani lina njia ya kuelekea upande wa Tanga. Na huko, kati ya mlango wa mto huo na mji wa Tanga, ndiko aliko samaki nitakayemweleza baadaye. Basi hilo ndilo jibu langu. Sisi ni watu wa mto ule ule, ila tumekaa kichwani mwake.

Sasa kazi yenyewe. Katika Arusha hii si vigumu kumweleza mtu maana ya hifadhi. Tumezaliwa tumeikuta. Mwaka 1961 mkutano mkubwa wa hifadhi ulifanyika katika mji huu, na Mwalimu Nyerere akatoa ile ilani iitwayo Ilani ya Arusha, kwamba Tanganyika itawatunza wanyama wake wa porini na mahali wanapoishi. Ni maneno machache na mazuri. Lakini ukiyasoma hukuti bahari ndani yake, wala sishangai. Mnyama wa porini anaonekana. Tembo akivuka barabara, hata asiyesoma anajua kuna kitu cha kulindwa.

Tena wa nchi kavu anahesabika. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walirusha ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia juu ya Serengeti, wakihesabu wanyama na kufuata nyendo za nyumbu. Serikali ya wakati ule ilikuwa inakusudia kubadili mipaka ya hifadhi. Wao wakaonyesha kwamba nyumbu hawaijui ramani ile: kwa miezi kadhaa ya mwaka wanakuwa nje ya mstari. Michael alikufa katika ajali ya ndege Januari 1959. Mwaka huo huo mipaka ilibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa, na Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti. Nataka mkumbuke mambo mawili hapo, maana yote mawili nitayarudia kwa upande wa bahari: mstari unaweza kuchorwa mahali ambapo mnyama hayupo, na kila mstari una mtu anayeambiwa atoke.

Baharini huwezi kurusha ndege ukahesabu. Ukitazama kutoka juu unaona maji tu. Chini yake mna mabonde, milima, mikondo ya baridi na ya joto, mahali pa kuzalia, mahali pa kulia chakula na njia za kupita, vyote vimefunikwa. Na eneo lenyewe si dogo. Ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari, unaofika maili 200 kutoka pwani, una ukubwa wa kilomita za mraba 223,000 hivi, karibu mara sita ya Mkoa wa Arusha. Utaanzia wapi?

Mataifa yalikaa yakatafuta jibu. Mwaka 2008 huko Bonn, Ujerumani, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuai zilikubaliana vigezo saba vya kutambua sehemu za bahari zenye umuhimu wa pekee. Sitavisoma vyote kama orodha ya vitabu vya Kidato cha Kwanza. Vingine vinaeleweka mara moja: mahali penye viumbe wa aina nyingi, mahali penye rutuba nyingi, mahali ambapo mkono wa binadamu haujaharibu sana. Vinne ndivyo vinavyonipa kazi: je, pana kitu kisichopatikana kwingine? Je, kiumbe fulani anapahitaji katika hatua fulani ya maisha yake, kama vile kuzaa au kulea? Je, pana viumbe walio hatarini kutoweka? Na je, pakiharibika patachukua muda gani kurudi?

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi za kusini mwa Bahari ya Hindi walikutana Mauritius wakaweka ramani zao mezani. Kwa upande wetu yalielezwa maeneo kadhaa: Rufiji, Mafia na Kilwa kwa pamoja, Pemba pamoja na Shimoni na Kisite upande wa Kenya, Unguja na Saadani, na lile la kusini linaloanzia Mtwara kwenda hadi ghuba ya Pemba, Msumbiji. Angalieni mawili kati ya hayo: yanavuka mpaka wa nchi. Samaki hana pasipoti. Lakini lazima niseme wazi, maana hata baadhi ya maofisa wenzangu hulichanganya jambo hili: eneo kutajwa katika orodha ile hakuliletei ulinzi wowote. Wanasayansi wamesema, "Hapa pana umuhimu." Basi. Kupalinda ni kazi ya Serikali yenye maji hayo, kwa sheria zake.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994. Chini yake Kisiwa cha Mafia kilipata hifadhi mwaka 1995, kilomita za mraba 822. Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma mwaka 2000, kilomita za mraba 650. Na Tanga mwaka 2009, kilomita za mraba 552. Habari ya Tanga nataka kukaa nayo kidogo.

Mwaka 1938, huko Afrika Kusini, mwanamke aliyetunza jumba dogo la makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona katika samaki wa meli ya uvuvi samaki mmoja wa ajabu, wa rangi ya buluu, mwenye mapezi manene kama viungo vya mnyama. Alikuwa silikanti. Mpaka siku ile wataalamu walimjua kwa mawe tu, yaani kwa masalia yaliyogeuka jiwe, na walidhani alikwisha duniani zamani za zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Baadaye akapatikana Komoro, na kwa miaka mingi ikadhaniwa kwamba huko ndiko kwao.

Kwetu alinaswa kwanza upande wa Kilwa mwaka 2003. Halafu, kuanzia 2004, wavuvi wa Tanga, hasa wa Kigombe na vijiji vya jirani, wakaanza kumpata mmoja baada ya mwingine, hata wakafika makumi katika muda wa miaka michache. Waliwanasa katika jarife, nyavu za matundu makubwa wanazotegea papa, wakizishusha kwenye miteremko ya mwamba kina cha mita 100 hivi au zaidi. Hawakumtaka. Nyama yake ina mafuta mengi na haina soko. Lakini walimleta pwani, wakamwonyesha kwa maofisa wa uvuvi, wakaeleza walimpata wapi na kina gani. Mwaka 2007 Wajapani wa Aquamarine Fukushima wakashusha chombo chenye kamera katika maji ya Tanga na kumpiga picha akiwa hai.

Sasa mpitisheni katika vile vigezo. Ni wa pekee? Naam. Yuko hatarini? Naam. Pakiharibika patachukua muda gani kurudi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliosoma magamba yake kama mtu anavyohesabu duara za mti, ulikadiria kwamba anaweza kuishi miaka 100 hivi, kwamba jike halizai kabla ya kufika miaka zaidi ya 50, na kwamba mimba yake huchukua karibu miaka mitano. Hazai mayai, huzaa watoto walio tayari. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Jarife moja ikilala usiku mmoja mahali pabaya inaweza kuondoa kizazi ambacho mtoto wa Kidato cha Kwanza wa leo hatakiona kikirudi mpaka awe babu.

Kwa hiyo hifadhi ikatangazwa. Na hapa ndipo penye jambo linalonisumbua mimi binafsi. Ni nani aliyegundua kwamba maji ya Tanga ni makazi ya silikanti? Mvuvi wa Kigombe. Ni nyavu zake zilizochora ramani ile. Na jambo la kwanza lililohitajika ili kumlinda silikanti lilikuwa nini? Kuondoa nyavu za mvuvi yule yule. Sisemi hatua hiyo ilikuwa mbaya. Haikuwapo njia nyingine. Lakini mtu aliyetoa ushahidi akiishia kuona kwamba ushahidi wake ndio uliomfungia kazi, je, safari ijayo akinasa kitu cha ajabu atatuletea? Au atakitupa usiku huko huko baharini asije akapoteza sehemu nyingine ya kuvulia? Siku tutakapopoteza maneno ya wavuvi, tutakuwa tumefumba jicho letu kubwa kuliko yote tuliyonayo baharini. Meli ya utafiti huenda siku chache kwa mwaka. Mvuvi huenda kila siku.

Na ukimwuliza mvuvi huyo kwa nini alishusha jarife kina kile, moja ya maelezo utakayoyasikia ni kwamba samaki wa karibu walikuwa wamepungua. Mwambao wa Tanga uliteswa na baruti kwa miongo mingi, mpaka operesheni za vyombo vya dola, kuanzia mwaka 2016 hivi, zikaupunguza sana mlipuko huo. Anayepiga baruti kwenye matumbawe ya karibu anamsukuma mwenye jarife kwenda kwenye makazi ya silikanti. Ndiyo maana sipendi neno "eneo la silikanti" likitamkwa kana kwamba ni sanduku. Lina mlango wa mto upande mmoja, mji upande mwingine, na tumbo la mvuvi katikati.

Lina bandari pia. Kwa miaka mingi palikuwa na mpango wa kujenga bandari mpya ya kina kirefu katika ghuba ya Mwambani, ambayo imo katika eneo hilo hilo. Baadaye Serikali ilitia fedha nyingi kuboresha bandari ya zamani. Kaskazini kidogo, pale Chongoleani, ndipo panapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Tanga mwaka 2017. Mimi ni mtumishi wa Serikali na sikuja hapa kulisema bomba. Nchi inahitaji mapato. Ninachosema ni kwamba mwenye kupanga bandari anazo ramani zake na hesabu zake tayari. Kama sisi wa upande wa viumbe tutafika kwenye meza hiyo bila ramani, tukiwa na huruma tu, tutapewa chai na kusindikizwa mlangoni.

Nilisema nitarudi kwenye mstari unaochorwa mahali ambapo mnyama hayupo. Nendeni Mafia. Hifadhi ile ya 1995 ililenga hasa matumbawe ya kusini na mashariki mwa kisiwa, na kwa matumbawe ilikuwa sawa. Lakini papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mpole asiyekula mtu, hukusanyika upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, kiasi kikubwa nje ya hifadhi. Huonekana toka Oktoba hadi Machi hivi, halafu hutoweka. Kila mtu alisema: wanahama. Watafiti wakawafunga baadhi yao vidude vya kutoa mlio na kuweka vipokeo chini ya bahari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yakaonyesha kwamba wengi hawakuwa wamehama mbali. Walikuwa pale pale jirani, ila wamesogea kwenye maji ya mbali kidogo na ya kina zaidi, ambako macho ya mtu wa mashuani hayafiki. Kama ungepanga ulinzi wa miezi sita kwa kufuata macho, miezi sita mingine ungewaacha bila mlinzi, nao wapo.

Na kuna Maziwe. Hiki kilikuwa kisiwa kidogo mbele ya Pangani, chenye mivinje, na kilisifika kuwa moja ya mahali muhimu kabisa pa kutagia kasa katika nchi yetu. Kilitengwa kama hifadhi mwaka 1975. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980, kisiwa hakikuwapo tena. Mawimbi yalikuwa yamekila. Leo maji yakitoka unaona fungu la mchanga, yakijaa huoni kitu. Sababu zilijadiliwa sana, na kukatwa kwa miti ni mojawapo. Tangazo la Serikali halikukizuia kuzama. Siku hizi mayai yanayotagwa pale huhamishwa na watu wa Ushongo kwenda kufukiwa nchi kavu, yasije yakachukuliwa na maji. Kazi hiyo huifanya mwanakijiji kwa mikono yake.

Wapo waliofanya vizuri kwa njia hiyo ya mikono. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vya mwambao wa Tanga, kwa msaada wa Ireland na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, vilikaa vikakubaliana vyenyewe kufunga baadhi ya miamba. Kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza, wamefunga sehemu za pweza kwa miezi michache na kuzifungua. Pweza hukua haraka, kwa hiyo mtu anaiona faida kabla hasira yake haijaisha. Silikanti hawezi kukupa faida ya namna hiyo. Ndiyo maana vijiji vyaweza kulinda pweza vyenyewe, bali silikanti na jodari wa bahari kuu lazima vilindwe na taifa, na wakati mwingine na mataifa.

Desemba 2022, mjini Montreal, dunia ilikubaliana kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo mwaka 2030. Fanyeni hesabu. Asilimia 30 ya ukanda wetu ni karibu kilomita za mraba 67,000. Hifadhi zile tatu nilizotaja jumla yake ni 2,024. Ongeza maeneo tengefu, ongeza hifadhi za Zanzibar, bado uko mbali sana. Tena karibu zote zimekaa pwani. Huko nje, penye kina, tunatoza leseni za meli za jodari, lakini tunapajua kidogo mno. Hofu yangu ni kwamba tarehe itakapokaribia mtu atachukua rula, achore mstatili mkubwa mahali pasipo na mvuvi wala bandari, pasipo na mgogoro wowote, na atangaze kwamba tumefikisha. Mstatili huo utapendeza kwenye taarifa. Hautakuwa na silikanti ndani yake.

Kuuzuia kunahitaji watu wanaojua. Ninyi wa Kidato cha Tano na cha Sita mnaosoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, msifikiri mlango uliopo ni udaktari peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya bahari, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar tangu mwaka 1978. Katika darasa nililosoma mimi tuliotoka bara tulikuwa wachache, na wawili kati yetu hatukujua kuogelea. Tulijifunza. Mwenye hesabu nzuri anatakiwa zaidi kuliko mwenye mbavu za kuogelea, maana sehemu kubwa ya kazi ni kusoma takwimu za mikondo, joto na mavuno.

Na ninyi wenzangu wa zamani, wengi mna vyeo: wako wa halmashauri, wako wa maji, wako wenye mashamba. Mwenye kibali cha kuchota maji Kikuletwa ajue kwamba katika hesabu ya bonde lile, bahari nayo ina haki ya fungu lake. Waliomo katika ofisi za maji wanalijua jambo hili; wasaidieni linapobishaniwa.

Mwalimu wa Jiografia ameniruhusu kubandika maktaba ramani niliyokuja nayo, inayoonyesha mto kutoka Meru hadi Pangani na mipaka ya hifadhi ya Tanga. Kina cha bahari kimeandikwa kwa mita. Atakayetaka kuuliza aulize sasa, au anifuate huko baada ya chakula.